Mbwa Gani Katika Nyumba Yenye Watoto?

BABA: Natoa rai yangu mbele yenu nyote, ili isije ikasemwa baadaye kwamba nililiingiza jambo hili nyumbani kwa siri. Maadamu kazi yangu hapa bandarini Tanga ni ya zamu, na zamu ya usiku hunichukua wiki nzima nikamwacha mke na watoto watatu peke yao. Na maadamu ua wetu wa michongoma umekwisha kupenywa na wezi ambao hawakuchukua ndoo na nguo tu, bali walichukua na usingizi wa watu wa nyumba hii. Basi naona wakati umefika wa kufuga mbwa, na mbwa huyo awe wa jamii ambayo dunia imekwisha kuijaribu kwa ulinzi na kwa utiifu pamoja, yaani German Shepherd, yule tumwitaye mbwa wa polisi. Nasaba yake inajulikana. Mwaka 1899 afisa wa jeshi la farasi la Ujerumani, Max von Stephanitz, alimnunua mbwa aliyeitwa Horand von Grafrath, akaunda mwaka huohuo chama cha kuwazalisha mbwa wa namna ile, na kanuni yake ilikuwa kwamba kazi itangulie sura. Kazi yenyewe ilikuwa kutembea kutwa kwenye mpaka wa mashamba ya watu ili kondoo wasiingie katika mazao, bila ya kumrarua hata mmoja. Mnyama aliyerithi hulka ya kuwachunga wanyonge, kwa nini asikabidhiwe watoto?

MAMA: Umemtafutia mwizi mbwa wake, bwanangu, mtoto hukumtafutia wake. Kila fadhila uliyoitaja ni fadhila ya mbwa mbele ya adui au mbele ya kondoo, na ndani ya ua huu hamna kondoo. Mbwa dume wa jamii hiyo hufika kilo 40, na kifunguamimba wetu aliye darasa la nne hajafika uzito huo, seuze mziwanda wetu wa miaka mitatu, ambaye hata akirukiwa kwa mapenzi matupu ataanguka kisogo kwenye saruji. Tena hiyo kazi ya uchungaji unayoisifu ndiyo inayonitia hofu, kwa kuwa mbwa mchungaji havumilii kukiona kitu kikikimbia asikifuate, na mtoto tangu alfajiri hadi magharibi hana mwendo mwingine ila kukimbia. Akikibana kisigino cha kondoo, huo ni uchungaji. Akikibana kisigino cha mwanangu, hilo ni jeraha. Mbwa simkatai. Nataka tuanze kumchagua kwa upande wa mtoto, kisha ndipo tumfikirie mwizi. Nimesikia habari za Labrador, kwamba ni mpole hata vipofu hukabidhiwa kwake awaongoze njia.

BABA: Na mwizi naye atamwongoza njia hadi chumbani.

DAKTARI WA MIFUGO: Kila mmoja wenu ana sehemu ya haki, walakini nyote mnalitumia jina la jamii kana kwamba ni hati ya dhamana. Kila jamii ya mbwa ilitengenezwa na watu kwa kazi maalumu, mahali maalumu na katika hewa maalumu. Labrador anayesifiwa na Bibi alitokana na mbwa wa wavuvi wa Newfoundland, kisiwa cha baridi kwenye pwani ya Kanada; manyoya yake yana sufu ya ndani iliyokusudiwa kumkinga na maji baridi ya bahari ile, nasi hapa Tanga mwezi wa Februari joto hupita digrii 30 hata kivulini. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi, ila kidogo katika nyayo; kujipoza kwake ni kuhema ulimi ukiwa nje, na anayehema kutwa hana subira ya kuchezewa. Liko na jambo la pili. Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge walibainisha kwamba takribani Labrador mmoja katika kila wanne ana hitilafu ya jini moja ambayo humzidishia hamu ya chakula, na mbwa mwenye uroho wa kuzaliwa nao, katika nyumba ambamo mtoto hutembea na andazi mkononi, si jambo la kupitiwa juu juu. Ni mpole, sikatai. Lakini upole wake mliosikia habari zake ni wa mbwa aliyechaguliwa, akalelewa na kufunzwa kwa miezi mingi kabla ya kukabidhiwa kipofu, wala si wa kila Labrador auzwaye kandokando ya barabara ndani ya boksi.

MAMA: Basi na awe mdogo. Wapo wale weupe wenye manyoya marefu ambao watu wa Dar es Salaam na Nairobi wanawapenda, Japanese Spitz na Maltese. Mbwa wa namna hiyo hata akikasirika ataweza kufanya nini?

DAKTARI WA MIFUGO: Ataweza kuuma uso wa mtoto aliyeinama kumbusu, Bibi. Katika watoto wadogo majeraha ya mbwa aghalabu huwa usoni, kichwani na shingoni, kwa sababu kimo chao na mdomo wa mnyama vinalingana. Tena kijibwa cha kilo tatu au nne huvunjika mguu mtoto akimwangukia, na mnyama anayeishi kwa hofu ya kukanyagwa hujifunza kutumia meno mapema. Wale wenye pua bapa, kama bulldog na pug, nawaombeni msiwataje kabisa katika mji huu. Kupumua kwenyewe kwao ni taabu hata katika nchi za baridi, na bulldog wengi hawazaliwi ila kwa kupasuliwa mama zao. Kumleta mnyama wa namna hiyo pwani ni kumnunulia adhabu.

MJOMBA: Mmeanza safari katikati ya njia, wanangu. Kabla ya kuuliza ni mbwa gani, hapana budi iulizwe ni mbwa wa nini. Sisi watu wa pwani hii aghalabu tu Mashafii, na kwa madhehebu yetu mbwa ni najisi nzito: akigusa chombo au nguo kwa mate yake, kutoharisha ni kuosha mara saba, moja katika hizo kwa udongo. Ndugu zetu Wamaliki wana rai nyepesi zaidi, wao husema mbwa hai ni tohara, nami siwalaumu. Lakini nyumba hii haiswali kwa madhehebu mawili. Kumweka mbwa kwa ajili ya kumkumbatia na kumlaza kitandani hakuna ruhusa. Ruhusa ipo kwa mbwa wa mifugo, na wa shamba, na wa kuwinda, na wanazuoni wengi wa madhehebu yetu wakalinganisha na hayo mbwa wa kulinda nyumba. Hivyo kwa upande wangu Baba hapa ana njia, illa awe mbwa wa nje, asiingie mnamolaliwa wala mnamoswaliwa. Wala asidhani mtu kwamba nasema haya kwa kuwachukia mbwa. Sura ya Al-Kahf inamtaja mbwa pamoja na vijana wa pangoni, Al-Maida inahalalisha windo la mbwa aliyefunzwa, na wasasi wa vijijini Unguja na Pemba, Waislamu kama sisi, tangu mababu zao wamefuga mbwa wa kuwindia nguruwe waharibuo mashamba. Mbwa ana mahali pake. Nauliza mahali pake hapa ni wapi.

BABA: Ni nje, Mjomba, na hapo tumepatana. Nitamjengea banda kwenye kona ya mwarobaini, mchana afungwe mnyororo watoto wakicheza, usiku afunguliwe. Mate yake hayataonekana ndani, na watoto watakuwa mbali naye.

MAMA: Sasa ndiyo nimeogopa kweli. Mbwa anayefungwa kutwa akiwaona watoto kwa mbali wakicheza, kisha akafunguliwa gizani akiwa hajawahi kuguswa na mkono wa hata mmoja wao, ndiye mbwa gani huyo kama si mgeni mwenye meno ndani ya ua wetu? Siku moja mtoto atatoka usiku kwenda msalani.

DAKTARI WA MIFUGO: Mama amenena. Mnyororo ni mwalimu mbaya, kwa sababu mbwa aliyefungwa hawezi kuondoka anapoudhika, na asiyeweza kuondoka hubakiwa na njia moja tu. Nimewashona watoto walioumwa, kabla gari la kuwapeleka hospitali halijafika, na wengi wao waliumwa na mbwa wa nyumbani kwao au wa jirani, aliyefungwa, mwenye jina wanalolijua; mbwa wa njiani asiye na mwenyewe walikuwa wamemkimbia zamani.

MJOMBA: Nami sikusema afungwe. Nimesema akae nje. Kumfunga kiumbe juani tangu asubuhi hadi jioni ni dhuluma, na katika mafundisho yetu yupo mtu aliyeghufiriwa madhambi yake kwa sababu ya kushuka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu. Ikiwa mlinzi wenu hawezi kulinda ila kwa kuteswa, basi ruhusa niliyoitaja haikuwahusu.

BABA: Mnanibana pande mbili. Nikimweka karibu na watoto, Mjomba ananiambia tohara. Nikimweka mbali nao, Daktari ananiambia atakuwa mkali. Lakini hoja hii naona inanisaidia mimi. Maadamu tunataka mbwa anayejua mipaka, anayeweza kufundishwa kwamba hapa ni barazani na hapa ni ndani, ni jamii gani inayofundishika kuliko hiyo niliyoitaja? Majeshi na polisi wa nchi nyingi hawakumchagua kwa uzuri wa masikio.

DAKTARI WA MIFUGO: Anafundishika, naam, akiwa na mwalimu. Sasa nikueleze jambo ambalo wauzaji wa mbwa hawapendi lielezwe. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa mbwa zaidi ya 18,000 wa Marekani, ambao wafugaji wao walijibu maswali juu ya tabia zao, na baadhi ya wanyama hao wakapimwa jini zao. Ikaonekana kwamba ukichukua tofauti za tabia baina ya mbwa na mbwa, jamii hueleza sehemu 9 tu katika 100. Utiifu kwa mwenyewe una urithi zaidi kidogo, na hapo Bwana ana lake. Lakini ukali na wepesi wa kukasirika kwa shida sana hujulikana kwa jina la jamii. Mimi na wewe twaweza kusimama mbele ya German Shepherd wawili, kaka na dada, mmoja akalala miguuni pa mtoto na wa pili akamkenulia meno.

BABA: Kama ni hivyo, tumekaa hapa kufanya nini? Jamii haina maana, tukaokote mbwa yeyote jalalani.

MAMA: Hapana, tusiende haraka, maana mimi katika maneno hayo naona mwanga. Daktari anasema tabia haidhaminiwi na jamii. Je, uzito unadhaminiwa?

DAKTARI WA MIFUGO: Kwa kiasi kikubwa, Bibi. Uzito, urefu wa manyoya, umbo la pua, na maradhi fulani ya kurithi, kama ulegevu wa nyonga unaowasumbua German Shepherd wengi wangali vijana. Na mnyama mwenye maumivu ya nyonga anapopandwa mgongoni na mtoto ana haki ya kulalamika.

MAMA: Basi mjadala umepinduka. Bwanangu alikuwa akinunua kisichodhaminiwa, yaani upole na ushujaa, na kulipia kwa kile kinachodhaminiwa, yaani kilo 40, na manyoya mazito, na nyonga zenye maradhi. Mimi nasema tuchague kwa kile ambacho jamii yaweza kukiahidi kweli: mwili wa wastani, wala si wa kumwangusha mtoto wala si wa kuvunjwa naye, manyoya mafupi, pua ndefu ya kupumulia. Tabia tutaitafuta kwa mbwa mmoja mmoja, kwa macho yetu.

BABA: Kama mwavutiwa na mbwa wa bara letu, yupo Rhodesian Ridgeback, ambaye sifa zake ziliandikwa Bulawayo mwaka 1922, na ule mstari wa manyoya yaliyogeuka mgongoni ameurithi kwa mbwa wa Wakhoikhoi. Manyoya mafupi, pua ndefu, joto analiweza.

DAKTARI WA MIFUGO: Na alizalishwa ili amzuie simba mpaka mwindaji afike. Uzito wake ni uleule uliokimbiwa na Mama.

BABA: Yupo basi basenji wa Kongo, kilo kumi au kumi na moja.

DAKTARI WA MIFUGO: Msafi, mwepesi, wa hewa yetu, lakini habweki, naye hufanya alitakalo. Mlinzi asiyebweka atakusaidia nini? Ulinzi wa nyumba, Bwana, kwa sehemu kubwa ni kelele. Mwizi hakimbii kwa kung'atwa. Hukimbia kwa kuwa jirani ameamka.

MJOMBA: Kama sifa zitakiwazo ni mwili wa wastani, manyoya mafupi, pua ndefu na kelele, mbona mnazunguka dunia nzima? Mbwa huyo analala nje ya kila duka la Tanga. Mbwa wetu wa kienyeji, mwekundu wa hudhurungi, mkia umepinda, ambaye kazi yake imekuwa kulinda mihogo na kuku tangu kabla ya meli ya Mjerumani kuonekana katika ghuba hii.

BABA: Mjomba, kwa heshima zote, mbwa shenzi? Baba yake hajulikani, mama yake mwizi wa samaki, chanjo hajawahi kuiona, na leo yupo hapa, kesho yupo Pongwe. Mimi nimesema nataka mnyama ambaye mwenendo wake naweza kuutazamia kabla hajaingia katika uzima wa watoto wangu. Hata kama nasaba hutoa sehemu 9 tu katika 100, huyu wenu hata hizo tisa hana. Nionyesheni mtu mmoja katika mtaa huu aliyemnunua mbwa wa kienyeji kwa kumchagua. Watu huwaokota, kisha huwasahau.

DAKTARI WA MIFUGO: Swali lako ni zito, nami sitalijibu kwa wepesi. Ni kweli kwamba mbwa wa kienyeji hana cheti, na kwamba yule aliyekulia jalalani bila ya kuzoea watu hafai kuletwa penye watoto hata akiwa na sura ya huruma. Lakini yeye si takataka ya jamii nyingine kama watu wadhaniavyo: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009, uliohusu mbwa wa vijijini Misri, Uganda na Namibia, ulionyesha kwamba wale wa Misri na Uganda karibu wote ni wa asili ya bara hili, wala si machotara wa mbwa wa Kizungu. Mamia ya vizazi vya jua, kupe na njaa vimemchuja. Na kuhusu vyeti vya hao wengine, ningekuomba uvitazame vizuri: mbwa wengi wanaouzwa kwetu kwa jina la German Shepherd ni machotara waliozalishwa na mtu mwenye haraka ya fedha, akamwachisha mtoto ziwa kabla ya wakati ili asimgharimu uji. Unalipa bei ya nasaba, unapewa masikio yaliyosimama tu.

BABA: Kwa hiyo nimwamini nani?

DAKTARI WA MIFUGO: Umwamini mama yake. Namaanisha mama wa mbwa. Nenda ukamwone akiwa na watoto wake. Akikuruhusu ukaribie, akatulia, akawaacha watoto wake washikwe, umekwisha kujua mengi kuliko yaliyo katika cheti. Kisha uliza walikozaliwa: ndani ya maisha ya watu, au katika kibanda cha mabati nyuma ya nyumba? Kule Bar Harbor, Marekani, wataalamu Scott na Fuller waliwalea mbwa wa jamii tano kwa miaka mingi, basenji wakiwamo, na katika kitabu chao cha mwaka 1965 walieleza kwamba baina ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili mlango wa moyo wa mbwa huwa wazi. Katika jaribio la mahali hapohapo, watoto wa mbwa waliokuzwa uwanjani bila ya kuonana na binadamu mpaka wiki ya kumi na nne walitoka wakiwa kama wanyama wa mwituni, na kuwafuga baada ya hapo kukawa muhali. Katika wiki hizo mbwa anayetaka kuishi na watoto lazima awaone watoto, asikie kilio chao, mpira wao, baiskeli yao, na asidhurike. Wiki hizo zikipita bure, jina la jamii halitazirudisha.

MAMA: Nina hofu nyingine, nayo haina jamii. Kichaa cha mbwa.

DAKTARI WA MIFUGO: Hofu ya haki. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu 59,000 hufa kwa ugonjwa huo kila mwaka, na katika kila kumi wapatao wanne ni watoto chini ya miaka 15. Karibu wote wameupata kwa mbwa. Dalili zikishatokea, mimi na daktari wa watu sote hatuna cha kufanya. Lakini kabla ya dalili upo wakati, na ndio uliomponya Joseph Meister, mtoto wa miaka 9, Pasteur alipomchanja mwaka 1885. Mtoto akiumwa, au hata akikwaruzwa na jino, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wenu na mnampenda. Na mbwa mwenyewe achanjwe afikapo miezi mitatu, kisha kila mwaka.

MJOMBA: Hapo nami niongeze, kwa kuwa watu huchanganya. Kule kuosha mara saba na udongo ni ibada na tohara. Sitaki mtu atie udongo katika jeraha bichi la mtoto kwa kuisingizia dini. Sabuni, maji na hospitali vitangulie, na mambo ya nguo na vyombo yatafuata.

DAKTARI WA MIFUGO: Na minyoo pia isisahauliwe, kwa maana haina kelele. Mtoto wa mbwa huzaliwa nayo, ameipata tumboni mwa mama yake. Mayai yake hukaa mchangani, mtoto akacheza mchanga akatia kidole mdomoni, na kijidudu hicho chaweza kufika hata jichoni. Dawa ianze mbwa akiwa na wiki mbili na irudiwe kila baada ya wiki mbili, mpaka atimize miezi mitatu.

BABA: Gharama hizo zote nazikubali. Lakini naona tumemhukumu mbwa peke yake, na mtoto tumemwacha nje ya shauri. Watoto hawa watafundishwa. Nataka wajifunze huruma kwa kiumbe kisichosema, wajue kwamba mwingine ana njaa kabla yao, na kwamba maji ya bakuli lake hayajijazi. Samaki mkunje angali mbichi. Kama tutawazuilia kila chenye meno, tutawalea wakiwa na woga au wakiwa na ukatili, na mtaani kwetu nimewaona wa namna zote mbili wakiwarushia mawe mbwa wasio na kosa.

MAMA: Maneno hayo ndiyo ya kwanza leo yaliyonigusa, nami sina la kuyapinga. Illa mkubwa wetu atafundishika. Wa katikati atafundishika siku tatu atasahau ya nne. Mdogo hafundishiki leo wala mwakani. Atamvuta mkia.

DAKTARI WA MIFUGO: Kwa hiyo mdogo asiachwe peke yake na mbwa hata dakika moja, na nasema mbwa yeyote, awe wa mfalme au wa jalalani. Mwenye kuwatazama ajifunze lugha ya mnyama: akigeuza uso, akilamba midomo na chakula hakipo, akipiga miayo na usingizi hana, akionyesha weupe wa jicho, amekwisha kusema tafadhali niondoleeni huyu. Watu husema mbwa aliuma ghafla. Mara nyingi alikuwa amesema muda mrefu.

MAMA: Na mwenye kuwatazama ni nani? Ndilo swali nililolingojea tangu mwanzo. Mbwa huyu unamleta kwa sababu hupo, bwanangu. Na kwa sababu hupo, mwenye kumlea ni mimi. Mimi ndiye nitakayemgawia chakula mtoto analia, mimi ndiye nitakayekaa baina yake na mziwanda huku cherehani imesimama na nguo za watu hazijaisha. Wanaume mnazungumza habari za nasaba, na saa za mchana hazina mwenyewe.

BABA: Wiki za usiku ninarudi asubuhi.

MAMA: Unarudi, unalala.

BABA: Nitalala baadaye. Asubuhi nitamtembeza kabla sijaingia ndani, na alasiri nitakuwa naye pamoja na watoto wawili wakubwa, kila siku, kwa mafunzo. Hilo naliweka ahadi mbele ya Mjomba. Saa zinazobaki ni zile za kati, tangu saa tatu hadi saa nane.

MJOMBA: Mbwa simshiki, mnajua. Lakini watoto nawashika. Mdogo na aletwe kwangu saa hizo akae na wenziwe chuoni, hata kama hajafika umri wa kusoma, atasikiliza. Mbwa atabaki uani amefunguliwa, na cherehani itashona.

DAKTARI WA MIFUGO: Mkiwa na mpango wa namna hiyo, nitawaambia na jambo ambalo nisingelisema kabla yake: fikirini mbwa mzima wa miaka miwili au mitatu. Mtoto wa mbwa ni ahadi. Mbwa mzima amekwisha kuonekana alivyo. Katika nyumba moja ya wafanyakazi wa shamba la mkonge njia ya Muheza yupo jike wa kienyeji, nimemchanja mwenyewe, amekua na watoto wa pale, anabweka usiku na mchana hulala. Wenyewe wanahamia Lushoto wala hawamchukui.

BABA: Na Dar es Salaam yupo mfugaji wa German Shepherd ambaye huonyesha mama na baba wa watoto wake, na picha za nyonga zao zilizopigwa kwa eksirei. Mmenifundisha nimtazame mama; nitamtazama. Sijaacha rai yangu.

MAMA: Tutawaona wote wawili, kwanza sisi wakubwa, kisha siku nyingine pamoja na watoto, tena saa za alasiri wanapokimbia na kupiga kelele, wala si asubuhi wakiwa wametulia.

BABA: Na ikiwa jike wa Dar es Salaam ataonekana mtulivu kuliko wa Muheza, je, utakubali?

MAMA: Hapo nitazirudia zile kilo 40, nawe itakupasa unijibu, kwa maana hadi sasa hujanijibu.